Barua ya wazi kwa viongozi wa afya Mtwara na Lindi: mtazameni mtoto kabla utosi haujafunga

Kwa Waziri wa Afya. Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi. Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya. Wakurugenzi wa Halmashauri. Na Waheshimiwa Madiwani wetu.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya msingi wilayani Masasi. Watoto ninaowafundisha ni wale ambao mkipita kijijini hamwaoni, kwa sababu wengi hukaa ndani: wenye mtindio wa ubongo, wenye kifafa, waliopooza miguu, waliozaliwa na mgongo wazi, wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji. Mtoto anapoandikishwa kwetu kuna fomu ya kujaza, na ndani yake kuna mstari unaouliza chanzo cha ulemavu. Mara nyingi mno najaza neno moja: hakijulikani. Mzazi hajaficha kitu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mtoto ana miaka 8 au 9, amehudhuria kliniki tangu uchanga wake, kadi yake imejaa tarehe za chanjo, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyetazama ndani ya kichwa chake.

Ombi langu ni moja, na mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana nalo: mtoto wa Mtwara na Lindi anayeonesha dalili za tatizo la ubongo atazamwe ubongo huo katika miezi ya mwanzo ya maisha yake, utosi ukiwa bado wazi, na atazamwe karibu na kwao.

Kila mama anaujua utosi. Anaupaka mafuta, anaufunika kofia, anauona ukidunda mtoto anaponyonya. Pale mifupa ya fuvu haijakutana, na kwa watoto wengi utosi wa mbele hufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Mawimbi ya ultrasaundi hayapenyi vizuri kwenye mfupa, lakini kwenye utosi hupita bila taabu. Mtaalamu akipaka jeli na kuweka juu yake proba ndogo, kile kishikio cha mashine kinachotuma mawimbi, ataona kama vyumba vya maji ya ubongo vimetanuka, kama kuna damu iliyovuja, kama kuna jipu au uvimbe mkubwa. Hakuna mionzi. Hakuna dawa ya usingizi. Mtoto anaweza kubaki mapajani mwa mama yake, na kazi huisha kwa dakika chache.

Mashine yenyewe mnayo. Ni ileile inayotazama mimba katika hospitali za wilaya na katika vituo vya afya vingi. Kinachopungua mara nyingi ni proba inayofaa kichwa kidogo, mtu aliyefundishwa kuitumia hapo, na agizo la maandishi linalosema kwamba kazi hiyo ni yake. Naomba jambo hili lisomwe polepole, kwa sababu tumezoea kuamini kuwa habari za ubongo ni za Muhimbili peke yake na za mashine za mabilioni. Ultrasaundi haioni kila kitu, hasa sehemu za pembeni za ubongo zilizo karibu na mfupa, lakini maswali makubwa ya miezi ya kwanza inayajibu. Utosi ukishafunga, swali lilelile litahitaji mashine kubwa za kupiga picha ndani ya kichwa, yaani CT skani inayotumia mionzi au MRI inayotumia sumaku, na hapo ndipo safari, gharama na kusubiri vinapoanza.

Hata kabla ya ultrasaundi kuna kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, nacho ni tepu ya kupimia. Siku za kliniki mtoto huning'inizwa kwenye mzani, uzito unaandikwa, chanjo inachomwa, basi. Kichwa kinapimwa mara chache sana kwa jinsi wazazi wa watoto wangu wanavyonisimulia. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake huanza na mzunguko wa kichwa wa takribani sentimeta 35. Katika miezi 3 ya kwanza kichwa huongezeka kama sentimeta 2 kwa mwezi, kisha sentimeta 1 kwa mwezi hadi mwezi wa 6, na baada ya hapo nusu sentimeta kwa mwezi hadi atimize mwaka. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za kipimo hiki mwaka 2007. Nesi akiweka nukta kwenye chati kila mwezi, kichwa kinachokimbia kitajionesha mapema kabla jirani hajaanza kunong'ona. Zipo pia dalili ambazo mkunga yeyote anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja: utosi uliovimba na kukaza mtoto akiwa ameketi na halii, mishipa ya kichwani iliyojitokeza, macho yanayotazama chini muda wote hadi weupe unaonekana juu ya mboni.

Nitaeleza kisa kimoja, kwa ruhusa ya mama mwenyewe, bila kumtaja yeye wala kituo. Ni mkulima wa upande wa Newala. Mtoto wake alipokuwa na miezi 3 alimwambia mhudumu kuwa kofia za mtoto zinambana mapema mno. Akajibiwa kuwa ni kichwa cha ukoo, akikua mwili utakifikia. Akarudi nyumbani. Ndugu wa mume wakasema amerogwa, wakaenda kwa mganga, akachanjwa chale. Ukaja msimu wa korosho, wakasubiri malipo ya mnada ili wapate nauli. Walipofika Dar es Salaam mtoto alikuwa anakaribia mwaka. Alifanyiwa upasuaji na maji yakapungua, nawashukuru sana madaktari waliomhudumia. Lakini shinikizo lilikuwa limeshaharibu mishipa ya macho. Leo anakaa dawati la mbele darasani kwangu, ana akili ya kukumbuka nyimbo kuliko wenzake wote, na haoni. Alipelekwa kliniki kila mwezi. Tepu ingemwona.

Ugonjwa huu wa kichwa kujaa maji ni wa kimwili kabisa na maelezo yake si magumu. Ubongo hutengeneza maji kila siku, maji huzunguka, kisha hurudi kwenye damu. Njia ikiziba au maji yasiponyonywa, vyumba hutanuka na kuusukuma ubongo kwenye fuvu. Wapo wanaozaliwa nao. Lakini wapo wengi wanaoupata baada ya maambukizi ya wiki za mwanzo. Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari Benjamin Warf na wenzake walichunguza watoto 300 na kuchapisha matokeo mwaka 2005: kama asilimia 60 walikuwa wameupata baada ya maambukizi. Kwa hiyo homa ya mtoto mchanga na kitovu kilichooza ni habari ya ubongo pia, na mtoto aliyepona maambukizi makali ya damu au homa ya uti wa mgongo hapaswi kuruhusiwa kwenda nyumbani bila kupangiwa tarehe za kupimwa kichwa.

Kazi ya Mbale inatuhusu kwa sababu nyingine. Njia ya kawaida ya kutibu ni kuweka mrija, wataalamu wanauita shanti, unaopeleka maji kutoka kichwani hadi tumboni. Unaokoa maisha, lakini unaweza kuziba au kuingia vijidudu, na ukiziba mtoto anahitaji hospitali haraka. Warf alijiuliza mtoto wa kijijini atafanya nini siku hiyo. Akaendeleza upasuaji wa kamera ndogo, unaotoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuunguza sehemu inayoyatengeneza, ili mtoto asitegemee mrija. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa watoto 100 wa hukohuko Mbale uliolinganisha njia hizi mbili. Baada ya mwaka mmoja ukuaji wa akili wa watoto haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Uganda ni jirani yetu. Waganga wao wamesoma vitabu vilevile.

Sasa fikirini mtoto mwenye mrija anayeishi Tandahimba au Liwale. Anaanza kutapika, anasinzia mchana. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 550, na yeye hata Mtwara hajafika. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, malori na mabasi yalikaa foleni siku kadhaa na magazeti yakaandika kuhusu bei ya bidhaa. Mimi nilikuwa nawawaza watoto wenye mirija vichwani.

Nakiri kwa moyo mweupe kwamba Serikali imefanya mengi kusini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda imesimama pale Mitengo, jambo ambalo wazee wetu walilisubiri kwa miaka mingi. Katika fedha za mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, zile shilingi trilioni 1.3, sehemu ilinunua mashine za CT skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Huko nyuma sentensi kama hiyo isingeandikika. Lakini mashine kuwepo mkoani na mtoto kunufaika nayo ni mambo mawili, na kati yake kuna mambo ninayoomba myasimamie kwa karibu.

La kwanza ni mionzi. CT skani ilianza kwa kichwa: mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London, tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Ni chombo cha thamani kubwa mtoto anapoanguka kutoka kwenye mwembe, anapogongwa na bodaboda au anapopoteza fahamu ghafla. Hata hivyo mwili wa mtoto huumizwa na mionzi kuliko wa mtu mzima, na ana miaka mingi mbele yake ya madhara kujitokeza. Mashine lazima irekebishwe kwa umri na ukubwa wa mtoto. Je, kila chumba cha CT katika mikoa yetu miwili kina vipimo vya watoto vilivyobandikwa ukutani na kufuatwa? Tume ya Nguvu za Atomiki ina wajibu wa kukagua usalama wa mionzi nchini. Tunaomba ukaguzi wa vyumba vyetu uulize swali hilo kwa jina, na majibu yake yawekwe wazi. Na kama ultrasaundi ya utosi ingetosha, mtoto asipelekwe kwenye mionzi kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kushika proba.

La pili ni usomaji. Picha isiyosomwa ni karatasi. Madaktari bingwa wa radiolojia ni wachache, na wanaozijua vizuri picha za watoto ni wachache zaidi, kwani ubongo wa mtoto wa miezi 2 haufanani na wa miaka 2. Picha zinaweza kusafiri kwa mtandao hadi kwa bingwa aliyeko Muhimbili ndani ya dakika chache, teknolojia hiyo tunayo nchini. Kinachotakiwa ni utaratibu wenye saa: picha ya mtoto iliyopigwa leo isomwe ndani ya siku ngapi, na nani anampigia mzazi simu.

Kuhusu MRI nina maneno machache na yenye matumaini. Haina mionzi na huuona ubongo vizuri kuliko vyote, lakini inataka mtoto atulie kwa muda mrefu katikati ya kelele, na dawa ya usingizi kwa mtoto mdogo inataka mtaalamu wake. Kwa wachanga kuna njia nyepesi inayotumika katika nchi nyingi: mtoto ananyonyeshwa ashibe, anafungwa vizuri kwenye nguo laini, masikio yanazibwa, analala mwenyewe, picha inapigwa. Mama zetu wamekuwa wakiwalaza watoto kwa kanga tangu zamani. Zipo pia mashine ndogo za MRI zenye nguvu ya sumaku ya tesla 0.064 tu, za kusukumwa kwa magurudumu hadi kitandani, ambazo Marekani iliziidhinisha kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Picha zake si kali kama za mashine kubwa ya tesla 1.5, lakini kutambua maji yaliyojaa hakuhitaji ukali huo. Wizara inapopanga manunuzi ya miaka ijayo, naomba mashine za aina hii zifanyiwe tathmini kwa macho ya mtoto wa kusini.

Wako watakaosema MRI ni anasa kwa mikoa yenye malaria. Waende Blantyre. Malawi ilipata mashine ya MRI mwaka 2008 katika hospitali ya Queen Elizabeth, na Terrie Taylor na wenzake wakaitumia kwa watoto wenye malaria ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: kati ya watoto 168, walifariki 25, na 21 kati ya hao 25 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo tangu walipopokelewa. Kwa miaka mingi watu walibishana ni nini hasa kinachowaua watoto hawa. Picha zilionesha kuwa ubongo uliovimba hubana sehemu inayoendesha pumzi, na tangu hapo wanasayansi wanajua wapiganie wapi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliiweka Mtwara miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kama kuna watu wanaostahili kuujua ubongo wa mtoto mwenye malaria, ni sisi.

Hata hivyo sitaki barua hii ieleweke kwamba kila mtoto akapigwe picha. Degedege la kawaida la homa, lililopita ndani ya dakika chache na mtoto akaamka mzima, halihitaji CT. Linahitaji kipimo cha malaria, mtoto achunguzwe kama ana homa ya uti wa mgongo, na mama aelezwe kwa upole kwamba mtoto hajapitiwa na ndege wala shetani. Kifafa nacho mara nyingi hutambuliwa kwa maelezo mazuri ya mtu aliyeliona tukio. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa vizuri. Dawa zake za msingi ni za zamani na za bei nafuu. Lakini mwanafunzi wangu anaweza kukaa wiki 3 bila dawa kwa sababu zahanati imeishiwa, kisha anaanguka kwenye jiko la mafiga. Mkinunua mashine na kuacha vidonge vya phenobarbital na carbamazepine viishe, mtakuwa hamjawasaidia.

Na kuna ugonjwa wa kwetu ambao picha haitauona kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijijini Mtwara, watoto na akina mama walipooza miguu ghafla baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha wakati wa ukame na njaa. Ugonjwa huo unaitwa konzo, unatokana na sumu ya sayanidi, na miguu ikishakakamaa hairudi. MRI ya mgonjwa wa konzo kwa kawaida huonekana haina tatizo. Kinga yake ni maarifa ya jikoni: kuvundika vizuri, na kwa unga, kuuchanganya na maji, kuutandaza mwembamba na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu ipae kabla ya kusonga ugali. Mvua zikikosekana tena Newala au Nanyumbu, bibi afya na bwana shamba waende pamoja.

Nikiwa kwenye muhogo, siwezi kunyamaza kuhusu unga. Mgongo wazi hutokea siku ya 28 ya mimba haijapita, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana ujauzito. Foliki asidi, ambayo ni aina ya vitamini, ikitumiwa kabla ya mimba huzuia sehemu kubwa ya matukio hayo. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 1991 ulionesha kwamba kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa aina hiyo, iliondoa asilimia 72 ya hatari ya kurudia. Vidonge vya kliniki humfikia mama mlango ukiwa umeshafungwa au umeshindwa kufunga. Nchi iliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubisho, foliki asidi ikiwemo, kwenye unga wa ngano na wa mahindi unaotoka viwandani. Ni jambo jema kwa anayenunua unga wa mfuko. Huku kwetu mahindi yanasagwa kwenye mashine ya kijiji, na muhogo haumo kabisa kwenye kanuni hizo. Wengi wa watoto wenye mgongo wazi huja kupata na kichwa kikubwa, kwa hiyo kidonge ambacho binti wa Ruangwa hakukipata kabla ya mimba kitadaiwa baadaye kwenye chumba cha upasuaji. Vidonge hivyo viwafikie wasichana na wanawake wote wa umri wa kuzaa, kupitia shule za sekondari na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kundi kubwa zaidi darasani kwangu ni la mtindio wa ubongo. Ukiwauliza mama zao kuhusu siku ya kujifungua, wengi wanasema maneno yanayofanana: uchungu ulikuwa mrefu, mtoto hakulia. Hapa kinga inaanzia kwa mkunga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali 8 za Tanzania ulionesha kuwa baada ya wakunga kufundishwa kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya wachanga katika saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Mafunzo hayo yanachuja kama hayarudiwi. Puto la kumpulizia mtoto hewa liwepo katika kila chumba cha kujifungulia na kila mkunga alizoee kwa mkono.

Kwa mtoto ambaye tayari ameumia, muda ndio dawa. Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali likiongozwa na Iona Novak wa Australia lilionesha kuwa mtindio wa ubongo unaweza kutambuliwa kwa uhakika kabla ya miezi 6. Wanaunganisha picha ya ubongo na uchunguzi wa jinsi mtoto anavyochezesha mwili akiwa amelala chali, hasa kati ya mwezi wa 3 na wa 5. Uchunguzi huo hufanywa kwa kutazama video fupi. Simu ya nesi inatosha kuirekodi, na mtaalamu aliyefundishwa anaweza kuitazama akiwa mbali. Mtoto akijulikana ana miezi 5, mazoezi ya viungo yanaanza ubongo ukiwa bado unajipanga, mama anafundishwa namna ya kumlisha asipaliwe na namna ya kumbeba asikakamae. Anayeletwa kwangu na miaka 9 ameshajikunja nyonga, na mimi ni mwalimu wa chaki.

Najua swali linalofuata ni fedha. Halmashauri zetu hupata ushuru wa mazao wa asilimia 3, na katika msimu mzuri wa korosho Tandahimba, Newala na Masasi hupata mapato ambayo wilaya nyingi za bara hazina. Maeneo ya gesi, Kilwa na Mtwara Vijijini, yana ushuru wa huduma. Proba moja ya watoto kwa hospitali ya wilaya, mafunzo ya wataalamu wawili wa kuitumia, na tepu kwa kila zahanati ni gharama ambayo halmashauri inaweza kuibeba bila kusubiri mfadhili. Madiwani wetu, swali hili liulizeni katika kikao cha bajeti kwa maneno mepesi: hospitali yetu ya wilaya ina nani wa kutazama kichwa cha mtoto mchanga? Mkijibiwa kuwa hakuna, ombeni tarehe.

Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bila malipo. Nimekaa na wazazi waliolipishwa picha na wengine waliorudi nyumbani na fomu ya rufaa mfukoni kwa kukosa pesa hiyo. Waraka utoke, usomeke mlangoni pa kila chumba cha picha, kwamba ultrasaundi ya utosi na CT iliyoagizwa na daktari kwa mtoto wa umri huo ni sehemu ya msamaha. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, kitita cha mafao kitaje picha za ubongo wa mtoto waziwazi.

Namba 115 ya m-mama imeokoa akina mama na wachanga wengi kwa kuwafikisha hospitali. Naomba mtoto mwenye kichwa kinachokua kwa kasi, au mwenye mrija ulioziba, aingizwe kwenye utaratibu huo hata kama ameshapita siku za uchanga. Timu za madaktari bingwa zinazotembelea halmashauri zikija tena, siku moja ya kambi itumike kuwafundisha wataalamu wetu wa mionzi kupima kupitia utosi, ili timu ikiondoka ujuzi ubaki. Na pale Mitengo, upasuaji wa ubongo kwa watoto uwe huduma ya kudumu yenye vifaa, wauguzi na siku zinazojulikana. Hospitali za Ndanda na Nyangao, ambazo familia nyingi za huku huzikimbilia kwanza, ziwemo kwenye mpango kama washirika kamili, na chama cha wazazi wa watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa kialikwe mezani mnapoandika mwongozo. Wao wanajua ni hatua gani ya safari inayowashinda watu.

Mwisho, ninaomba majibu ya maandishi kutoka kwa Waganga Wakuu wa mikoa yote miwili kabla bajeti mpya haijaanza tarehe 1 Julai: ni hospitali zipi za wilaya zinazoweza kupima ubongo wa mtoto kupitia utosi leo, zipi haziwezi, na lini zitaweza. Majibu hayo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kliniki za mama na mtoto, yakiwa na jina la hospitali na siku za huduma, ili mama wa Mangaka au Nachingwea ajue aende wapi Jumatatu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa elimu maalumu,
Wilaya ya Masasi, Mtwara.

Nakala: Wabunge wa majimbo ya Mtwara na Lindi, Waganga Wafawidhi wa hospitali za wilaya, Kamati za Huduma za Jamii za halmashauri zote za mikoa miwili, wazazi wa wanafunzi wangu.